Kiganja Juu ya Boneti

Kabla ya kumsalimu mwenye gari, fundi aliweka kiganja chake juu ya boneti. Ilikuwa saa kumi na mbili na ushei asubuhi, Siakago ikiwa bado na baridi ile kidogo inayotoweka jua likichomoza tu, na kilima cha Kiang'ombe kimejifunga wingu kiunoni. Akakiacha kiganja pale kwa muda wa mtu kuhesabu hadi kumi. Ndipo akampa mwenye gari mkono, akamuuliza habari za watoto, za mbuzi, za mvua iliyokataa kushuka. Salamu zilipokwisha zote, bila kurukwa hata moja, akasema kwa upole, "Hili limeshaamka, ndugu yangu. Tutarudi siku nyingine likiwa limelala." Kisha akatugeukia mimi na shemeji yangu. "Twende, Mwalimu."

Shemeji alinung'unika njia nzima. Tulikuwa tumetoka nyumbani gizani, tumekunywa chai ya haraka, na gari lenyewe lilikuwa linang'aa. Fundi alimwacha amalize, halafu akaeleza. Injini iliyolala usiku kucha husema kweli katika dakika ya kwanza ya kuwashwa, na dakika hiyo hairudi mpaka kesho yake. Oili yote imeshuka chini. Cheni haijapata presha ya kuikaza. Mipira ya valvu iliyochakaa imedondosha matone machache ya oili usiku, na matone hayo yatatoka kwa pamoja yakiwa moshi wa buluu. Kifuniko cha rejeta unaweza kukifungua kwa mkono mtupu. Gari likishapashwa moto, hayo yote yamefichika. "Mgonjwa akishameza dawa ya maumivu," alisema, "utambonyeza wapi aseme hapa ndipo?"

Hakumtuhumu mwenye gari. Huenda alikuwa amepeleka maziwa tu. Lakini jana yake jioni alikuwa ameombwa kwa simu asiliwashe, na mzee huyu haangalii gari ambalo halijaachwa likapoa. Nilikuwa nimewaona mafundi wengi wakiinua boneti na kutikisa vichwa. Sikuwa nimemwona anayeondoka bila kuiinua.

Gereji yake haina ukuta wala bango. Iko nyuma ya soko, chini ya mwembe ambao udongo wake umekuwa mweusi kwa oili ya miaka mingi, na ubao wa spana umeegemezwa shinani. Aliniomba nisimtaje jina, kwa sababu madalali wa magari wa Embu ni jamaa na majirani zake. Basi na awe Fundi, kama wote wanavyomwita. Alianza akiwa kijana wa kushika taa katika gereji moja mjini Embu, enzi ambazo Peugeot 504 za abiria zilitawala barabara ya Nairobi, na anasema sikio lake lilifundishwa na hizo 504. Bwana wake hakumruhusu kugusa spana kwa miezi mingi. Alishika taa na kutaja sauti aliyoisikia. Akikosea, aliambiwa asikilize tena. Siku hizi anatengeneza kila kitu, kuanzia pikipiki hadi lori la mchanga, lakini kazi ninayotaka kuisifu hapa ni moja: kumtafutia mtu mwenye pesa kidogo gari lililotumika ambalo halitamlaza njiani.

Shemeji ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Ishiara. Alikuwa na shilingi 480,000, nyingi zikiwa mkopo wa chama cha akiba. Kwa pesa hizo, gari linaloshuka melini leo kutoka Japani halifikiki. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 hakiruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini, hivi kwamba mwaka 2025 yalipokelewa tu yaliyosajiliwa kwa mara ya kwanza 2018 au baada ya hapo. Tena tangu 2023 ushuru wa forodha wa magari umepanda kutoka asilimia 25 hadi 35, kabla ya kodi nyingine kupandishwa juu yake. Mwenye laki nne na kitu anabaki na yale yaliyokwisha kuzunguka humu humu, yenye namba zinazoanza na KB na KC. Na namba zenyewe huhadaa. Zile za KB zilianza kutolewa 2007, lakini namba inasema gari liliandikishwa lini Kenya tu. Gari la KB za mwanzo lililotua Mombasa likiwa na miaka saba mgongoni liliundwa karibu na mwaka 2000.

Fundi hakuanza na magari. Alimkalisha Shemeji kwenye kigoda akamuuliza anaishi wapi hasa, barabara ya lami inaishia umbali gani kutoka kwake, anabeba nani, anabeba nini, mama yake hupelekwa hospitali Embu mara ngapi kwa mwezi, ndengu zikivunwa anatoa magunia mangapi. Akauliza nani mwingine ataliendesha. Maswali hayo yalichukua karibu saa nzima na hayakutaja aina yoyote ya gari. Mwishowe akasema atafute lenye injini ya Toyota ya 1NZ, ile ya lita moja na nusu: Probox, Fielder au Corolla wanayoiita NZE. Sababu yake ilikuwa ya mtu anayejua anapoishi. Kipuri cha injini hiyo kinapatikana Embu. Kikikosekana Embu, kiko Kirinyaga Road jijini Nairobi, na ukipiga simu asubuhi kinafika na matatu jioni. Shemeji alikuwa amelitamani gari moja la Kijerumani, jeusi, viti vya ngozi, kwa bei ile ile. Fundi hakulikashifu. Alimwonyesha tu kifaa kimoja cha breki cha gari la aina hiyo kilichokuwa juu ya benchi, akamtajia bei yake na siku ambazo mwenyewe alikuwa amekingoja.

Kisha akatoa sharti ambalo lilimuudhi Shemeji kuliko lile la asubuhi. "Usiniletee gari la laki nne na themanini. Niletee la laki nne. Hizo themanini ni za yale tutakayoyakuta."

"Na tukikuta halina kitu?"

"Kwa pesa hizi, Mwalimu, hakuna gari lisilo na kitu. Kuna lililozeeka na kuna linaloumwa. Mimi kazi yangu ni kuyatenganisha."

Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, kwa kuwa ndiyo ufundi wake wote. Mnunuzi wa kawaida husikia kelele akaogopa, au haoni kasoro akafurahi. Kelele nyingi za gari la miaka ishirini ni za uzee: mpira umekauka, bushi imelegea, mlango unalia. Uzee una bei inayojulikana na unaweza kupangiwa mwezi wake. Ugonjwa mara nyingi hauna sauti kabisa, na bei yake haijulikani mpaka uwe umekwisha kulipa.

Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na kwa kazi iliyoanzia hapo alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Alisema muuzaji anajua siri za gari lake na mnunuzi hazijui. Kwa hiyo mnunuzi hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri akiona anapunjwa hulirudisha nyumbani. Na sokoni yanazidi kubaki mabovu. Waswahili wanakuita huko kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Mzee wa mwembe hajasoma makala hiyo, lakini kila alfajiri anayoenda kukagua gari anafungua gunia, na siku mbili tatu kwa mwezi anampa mwenye gari zuri bei anayoistahili. Hili la pili husahaulika. Nimemsikia akimwambia mnunuzi, mbele ya muuzaji, "Hapa usipunguze. Huyu amelitunza."

Ilipita wiki tatu. Shemeji alikuwa ameanza kuona haya kwamba watu wa shuleni wanajua anatafuta gari na hana, na zaidi kwamba anatafuta kuukuu. Fundi akamsimulia habari za Joginder Singh. Mwaka 1965, Joginder na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kushindanishwa na watu wengine kabla haijafika mikononi mwao. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na aliwahi kufanya doria barabarani kwa niaba ya chama cha wenye magari, akiwakwamua waliokwama. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. "Alilijua lile Volvo ndani na nje kabla ya kuliendesha," Fundi alisema. Kwake yeye Joginder si shujaa wa mwendo kasi. Ni mkaguzi mwenzake.

Gari la pili lilikuwa Probox nyeupe, nje kidogo ya mji wa Embu. Tulifika kabla ya jua. Kiganja kikashuka juu ya boneti, na safari hii Fundi akatabasamu: bati lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Hakulifungua. Alilizunguka mara tatu bila kuligusa. Mara ya kwanza akiwa mbali, hatua kumi hivi, akitazama jinsi lilivyosimama, kama bega moja liko chini. Mara ya pili alichuchumaa kwenye kila pembe, jicho likiwa usawa wa mlango, akangojea jua lichomoze. Nilidhani anapumzika. Miale ya kwanza ilipolala juu ya ubavu wa gari, bati lililonyooka lilirudisha mwanga kama maji yaliyotulia, na nyuma kushoto, juu ya gurudumu, mwanga ukayumba kidogo. Mchana usingeliona hilo. Akatoa mfukoni sumaku ndogo, aliyoing'oa katika spika ya redio iliyokufa, akaivika kitambaa isikwaruze rangi, akaipitisha pale. Kila mahali ilishika, pale ilidondoka. Chini ya rangi palikuwa na filla.

Mwenye gari akasema haraka kwamba ni bodaboda iliyoligonga kidogo. Fundi akaitikia kwa kichwa, akafungua mlango wa nyuma, akainua zulia la buti na kuchungulia kiungo cha bati. Kiwandani, alinieleza baadaye, mashine huchoma bati kwa vinukta vya duara vilivyopangwa kwa nafasi sawa, kama mshono wa cherehani. Bati likikunjwa na kunyooshwa mtaani, mshono huwa wa mkono: michirizi, mabonge, rangi iliyorudiwa. Pale mshono ulikuwa wa cherehani. Pigo lilikuwa la ngozi na halikufika mfupani. Akachukua kipande cha katoni, akachora mstari katikati, kushoto uzee na kulia ugonjwa, akaandika upande wa kushoto: filla, nyuma kushoto.

Alisoma vioo, maana kila kioo kina alama ya mtengenezaji pembeni, na kimoja kikitofautiana na wenzake kina hadithi. Alisoma tairi: tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka, na tairi mbili za nyuma ziliandikwa 1417, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2017. Kashata zilikuwa bado nene, na mwenye gari alizionyesha kwa fahari, lakini mpira wa umri huo umeshakauka hata kama haujalika. Kushoto. Alitazama bolti zinazoshika mabawa ya mbele chini ya boneti, kama rangi imepasuka kwenye pembe ambako spana ingeshika. Haikuwa imepasuka.

Halafu akafanya jambo ambalo sijaliona kwa fundi mwingine. Alivuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho wake kabisa, ule urefu ambao hakuna anayeuvuta, akaupangusa kwa leso nyeupe. Akachomoa pia mpira wa pembeni mwa mlango, akachota kwa ukucha vumbi lililokuwa nyuma yake, akalisugua kati ya vidole. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 Nairobi, anasema, magari yaliyozama yalioshwa, yakatiwa manukato, yakapandishwa huku juu kuuzwa. Viti vinaoshwa, mazulia yanabadilishwa, lakini hakuna anayekumbuka ncha ya mkanda, na tope la mto hubaki pale kama mstari wa chai kwenye kikombe. Leso ilitoka safi. Lile vumbi la mlangoni lilikuwa jekundu na laini, lenye kunata. "Limeishi juu, kwenye chai," akasema, akimaanisha miteremko ya Mlima Kenya. Vumbi la kwetu Mbeere lina mchanga ndani yake, ukilisugua linasema. Gari la Pwani halihitaji vumbi, kutu ya chumvi chini ya chesisi inatosha. Mwenye gari akacheka kwa mshangao. Alikuwa amelinunua kwa mwenye duka wa Manyatta, huko huko kwenye chai.

Swali la muguka lilikuja kwa heshima. Kila mtu wa Mbeere anajua muguka ni jani la kutafuna lisilosubiri. Likichumwa lazima lifike sokoni likiwa bichi, na Probox nyingi zimemaliza ujana wao katika mbio hizo. Fundi anawaheshimu madereva wake, wengine ni wateja wake wa miaka. Ila gari lililobeba mzigo mzito kwa mwendo ule, kutwa kucha, halimfai mwalimu. Hakungoja jibu la mdomo. Alitazama springi za nyuma kama zimeongezewa, akatafuta matundu ya bolti sakafuni, akapapasa ukingo wa ndani wa paa ambako magunia husugua. Kisha akatazama kanyagio la breki. Kilomita zilizo kwenye dashibodi alizisoma mwisho kabisa, baada ya kanyagio, usukani na kiti cha dereva kuwa vimeshatoa ushahidi wao, na hesabu zilikubaliana.

Ndipo boneti ikainuliwa. Stiki ya oili: nyeusi, lakini nyepesi, bila uchafu wa chenga. Kifuniko cha kujazia oili: alikipindua akatafuta ule utando unaofanana na chai ya maziwa, alama ya maji kuingia kwenye oili. Hapakuwa nao. Oili ya giaboksi: akainusa. Kifuniko cha rejeta: akakifungua, akachungulia, na kwa mara ya kwanza tangu tufike uso wake ukabadilika. Maji yalikuwa ya rangi ya kutu. Aliingiza kidole, akakitoa, akakitazama juani. Hapakuwa na oili. Kwenye katoni aliandika neno moja, rejeta, juu ya mstari kabisa, si kushoto wala kulia.

Kijana wake, mwanafunzi wa miaka miwili, alisimama nyuma penye bomba la moshi akiwa na karatasi nyeupe. Shemeji akakaa kwenye usukani. Fundi akamwambia azungushe ufunguo nusu na asiwashe. Taa ya injini kwenye dashibodi iliwaka, kama inavyopaswa. Isipowaka hapo, kuna mtu aliyeing'oa ili isiseme. Akainama upande wa cheni, mpini wa bisibisi ndefu sikioni, ncha yake kwenye injini. Akainua kidole. "Washa."

Mimi nilisikia gari likiwaka, basi. Yeye alisikia vitu kadhaa na baadaye alinitajia kimoja kimoja: mkwaruzo wa cheni uliodumu chini ya sekunde moja, ambao ni haki ya injini iliyolala, tapeti zinazogonga kidogo kisha zikanyamaza oili ilipofika, beringi ya alteneta, nzima, pampu ya maji, nzima. Kule nyuma kijana akainua karatasi. Ilikuwa na unyevu wa mvuke na doa dogo jeusi, hakuna buluu. Moshi mweupe ulipotea baada ya muda mfupi, hivyo ulikuwa umande wa asubuhi na haukuwa maji ya injini yanayoungua.

Baada ya hapo kukawa kimya cha dakika ishirini. Fundi aliacha injini ivume na hakutaka mtu azungumze. Dakika za kwanza, kifuniko kikiwa kimerudishwa, mkono wake ulikuwa kwenye bomba la juu la rejeta, akilibonyeza kila mara. Bomba likiwa gumu kama mti wakati maji bado ni ya baridi, gasketi imepasuka na moto wa injini unapenya kwenye maji. Lilibaki laini. Akakifungua tena kifuniko kabla maji hayajapata moto, akatazama mdomo wa rejeta kama unatoa mapovu, haukutoa. Akarudisha kifuniko, na injini ilipopata moto akaanza kupapasa uso wa rejeta kwa mgongo wa mkono, shubiri kwa shubiri, kama mama anayetafuta homa kwa mtoto. Juu pakawa pa moto. Katikati pa moto. Chini kulia, eneo la ukubwa wa sahani, palibaki baridi hata feni ilipoanza kuzunguka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliandika juu ya mstari. Mtu fulani alikuwa amejaza maji ya bomba badala ya kulenti, miaka kadhaa, kutu ikaziba mirija ya chini. Kwenye baridi ya Manyatta gari hilo lingeweza kuishi hivyo muda mrefu bila kulalamika. Likishushwa Siakago, kwenye joto letu la Februari, likiwa na watu watano na gunia la ndengu, lingechemka, na likichemka mara mbili gasketi ingekwenda, na gasketi ikienda ndipo Mwalimu angejua bei halisi ya kile alichonunua. Uzee ule ulikuwa mlangoni pa ugonjwa. Swali lilikuwa kama limeshavuka, na jibu lilikuwa katika lile bomba laini na mdomo wa rejeta usio na mapovu. Lilikuwa halijavuka.

Barabarani alikaa kwanza kiti cha abiria, macho yamefumbwa. Lami ya kuteremka kutoka Embu ilimpa nafasi ya kusikiliza beringi za magurudumu, zinazovuma tofauti ukipinda kushoto na kulia. Penye uwanja alimwambia Shemeji akate usukani mpaka mwisho na kuzunguka polepole, dirisha wazi, kusikiliza kama ekseli za mbele zinagonga kata-kata-kata. Breki, mikono ikiachia usukani kidogo. Gia kutoka nyuma kwenda mbele, akihesabu kimya muda wa kushika. Njia ya vumbi ikaongeza mistari miwili upande wa kushoto wa katoni: bushi za mbele, mauntingi moja. Mwishowe akachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, kinachozungumza na simu yake, akasoma kama kuna makosa yaliyohifadhiwa na kama yamefutwa karibuni. Kompyuta ya gari iliyofutwa jana huonyesha kwamba bado haijamaliza kujipima. Anakitumia kifaa hicho, ila hukitumia mwisho. Kijana wake alitaka kuanza nacho. "Kikishakwambia," mzee alimjibu, "utaacha kusikiliza."

Bei ilizungumzwa kwa dakika chache. Fundi alimsomea mwenye gari katoni nzima, kushoto na kulia, na kulia palikuwa patupu. Alieleza habari ya rejeta bila kuipamba. Mwenye gari, ambaye sidhani alikuwa anajua, alikwenda mwenyewe kupapasa ile sahani ya baridi. Waliafikiana 395,000, kutoka 430,000. Fundi alichukua shilingi zake 3,000 na nauli, kiasi kile kile ambacho angechukua kama tungeondoka mikono mitupu, na akakataa asante ya muuzaji iliyokuwa imekunjwa kiganjani. "Nikila pande zote mbili," aliniambia garini, "sikio litaziba."

Karatasi alizisimamia mke wa Shemeji, anayefanya kazi ya uhasibu, na zilikuwa rahisi kuliko nilivyohofia: shilingi 550 za kutafuta rekodi za gari katika NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, namba ya chesisi iliyopigwa chumani kulinganishwa na ya kitabu, hakikisho kwamba hakuna benki wala mkopeshaji aliyeandikwa kuwa na haki juu yake, tukiangalia pia rejista ya dhamana iliyowekwa na sheria ya mwaka 2017. Pesa hazikutoka mpaka muuzaji alipoanzisha uhamisho katika akaunti yake mwenyewe.

Rejeta mpya iliingia kabla Probox haijalala hata usiku mmoja Ishiara, na tairi mbili, na bushi. Katika zile themanini na tano zilizosalia, kama thelathini hivi zilibaki. Filla bado iko pale pale nyuma kushoto.

Mwezi mmoja baadaye Fundi alimpigia Shemeji simu, akamtaka alilete jioni na kuliacha chini ya mwembe mpaka asubuhi. Hakuna malipo, alisema, ila alitaka kulisikia. Nilikwenda naye, kwa kuwa nilitaka kumwona tena akifanya kazi. Ilikuwa bado kiza chepesi. Alikuwa amekwisha kuketi kwenye kigoda chake, kikombe cha chai mkononi, na kijana wake amesimama nyuma na karatasi nyeupe. Shemeji alipita mbele ya gari kwenda mlango wa dereva, akasita, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha kidogo. Fundi alimngoja mpaka alipomaliza. Kisha akaweka kikombe chini, akainua kidole.

"Washa, Mwalimu."